Mustari wa saba: agizo niliandikia AI nikiwa na hasira na mudogo wangu

Wakuu, salamu kutoka Butembo.

Hii ninayoleta hapa ilinipata mimi mwenyewe. Sikuisikia ku redio, sikuambiwa na mutu. Kila neno naweza kuisimamia mbele ya padri ao mbele ya askari, yeyote atakayetangulia kufika.

Ninyi ba Dar na Nairobi mutavumilia Kiswahili yangu. Njo hii tunasemaka huku, na kwa miaka sitini na tatu sitabadilisha kinywa.

Kwanza mujue anayesema ni nani.

Mimi siko mutu wa masomo. Niliachia troisième primaire, darasa la tatu. Mwalimu alisema niko na kichwa ya jiwe, nikamwachia kiti yake. Nilianza kwa kusukuma kinga, ile baiskeli munajua, imebeba maharagi kutoka Lubero mpaka hapa. Kinga ikazaa camion, lori ya kizee, ile ya kizee ikazaa ingine. Leo niko na camion tatu. Zilikuwa ine, mutaelewa mbele.

Zinapanda mpaka Kasindi, ku mupaka na Uganda, zinapakia sabuni, saruji, mabati, zinashuka Beni, zinarudi Butembo.

Naandika hii yote juu kuna batoto mu hii forum, muzee akikosea banasema hakuelewa mambo ya kisasa. Mimi nilielewa. Nilikosea nikiwa naelewa.

Bon.

Ile njia ya Kasindi mpaka Beni, mwenye kuijua anaijua. Kuna siku inapitika sawa njia ya kwenda kanisa. Kuna siku batu ba porini banatoka na bunduki, na camion inayokuwa mbele njo inawaka.

Zamani nilikuwa napigia bashofere simu mumoja mumoja. Nikifika wa tatu, wa ine ameshaondoka.

Binti yangu Kavira, alisoma informatique, mambo ya kompyuta, hapa hapa Butembo, njo aliniambia: "Papa, tutengeneze programu. Wewe unasema mara moja, simu zote zinalia pamoja."

Kumbe hata yeye haandiki code yote kwa mukono. Anaambia AI, AI inaandika. Nikamuuliza, sasa ile diplôme ni ya kufanya nini? Akasema ni ya kujua wakati inadanganya.

Nilipenda ile jibu.

Tukafanya kitu kidogo tu. Simu moja ya zamani imechomekwa ku laptop. Nikipata habari ya njia mubaya, nasema, programu inatumia bashofere neno moja: NGOJA. Njia ikifunguka, inatuma: PITA.

Na kama simu iko kimya, maana yake njia iko kawaida. Washa moto, uende. Kimya ni ruhusa. Hii ya kimya niliamua mimi, Kavira hakuipenda sana. Mushike hapo.

Sasa ile fichier ya maagizo, kwa wasioijua.

Ile AI ukiifunga, maongezi yenu yote inapotea. Kesho inaamka mugeni, haijui hata jina yako. Donc unaiandikia fichier moja, faili, inakaa mu folder ya kazi, na kila mara ikifunguliwa inasoma ile kwanza mbele ya kugusa kitu. Ile imeandikwa mule, njo inajua. Ile haikuandikwa, haiko.

Kavira alinieleza hivyo mara tatu. Nilisikia. Kuamini ilikuwa kazi ingine. Maisha yangu yote, mutu nikimwambia kitu, kinakaa. Sijawahi kupatia shofere karatasi.

Alikuwa ametoa mufano ku internet, kurasa mbili za Kifaransa, inaanza na kuambia AI kwamba yeye ni expert mukubwa sana. Nikamwambia toa. Kama ni expert anajijua, kama siye hatakuwa expert juu nimesema.

Nikasema mwenyewe, yeye akaandika. Naikumbuka kwa kichwa:

Muzee wa hii kazi ni mimi.
Fanya ile nimesema, hapana ongeza yako.
Hapana nisifu.
Programu isitume habari ya njia mpaka batu babili basiojuana baiseme.
Ujumbe kwa shofere uwe neno moja, juu mutu ameshika usukani hapana soma barua.
Hii fichier hapana igusa. Maneno ya mukubwa inabadilishwa na mukubwa.

Mustari sita, basi. Ile ya kusifu ni juu AI ilikuwa kila mara inaniambia swali yangu ni nzuri sana. Nilifikiri inanicheka.

Rafiki mumoja wa Kavira, na yeye ni mutu wa informatique, alisoma ile fichier akasema ya huyu muzee ni fupi na inafanya kazi kuliko zetu. Wakuu, nilitembea kifua mbele wiki nzima. Troisième primaire!

Tuliendelea hivyo vizuri, njia ikifungwa camion zinangoja, ikifunguka zinakuja.

Halafu mama yetu alikufa.

Mudogo wangu Kasereka, tumbo moja na mimi, alikuwa shofere wangu wa kwanza. Siku ile alikuwa ku Kasindi na camion ya bluu, ile imeandikwa WASINGYA mbele. Ni Kinande, maana yake asante. Mama mwenyewe njo alichagua ile neno, siku nilinunua ile camion.

Famille ikamupigia simu: mama amekufa, kuja.

Tulimungoja siku mbili. Mwili haukuweza kungoja tena, mvua, joto, munaelewa. Tukazika.

Kasereka alifika siku ya tatu. Viatu matope mpaka ku magoti. Akasema njia ilikuwa imefungwa.

Mais pale ku matanga kulikuwa batu waliotoka Kasindi jana yake. Niliwaona kwa macho yangu, walikula ku sahani zangu.

Nilisimama. Mbele ya shangazi yetu, mbele ya bake zetu, mbele ya bashofere, mbele ya majirani, nikasema: huyu jina yake isitajwe tena mu kazi yangu. Bageni wamefika kumuzika mama, mutoto wake hakufika.

Alitia mukono mu mufuko ya koti. "Yaya, ngoja kwanza nikuonyeshe kitu."

Yaya, huku kwetu, njo mukubwa wako wa tumbo moja. Hapana ile munasema ninyi ya kulea batoto.

Sikungoja. Nilimupa mugongo.

Kesho yake asubuhi nikaita Kavira. Fungua ile fichier. Andika mustari wa saba:

Kasereka hayuko tena mu kazi yetu. Jina yake na namba yake, popote utaikuta, ondoa, hapana uliza.

Kavira aliweka mikono chini. "Papa, hii haiko ya kuandika humu. Nitoe namba yake ku liste, inatosha. Humu tunaandika tu bitu bya kila siku."

Nikamwambia: "Njo hivyo nataka. Ya kila siku."

Aliandika bila kuniangalia.

Ikapita miezi. Kasereka akapata usukani kwa mufanyabiashara mumoja wa Beni. Nilikuwa nasikia habari zake kwa batu, najifanya sisikii. Kavira naye akapata kazi ku Bunia, akaenda. Laptop nikabaki nayo mwenyewe. Alikuwa ameniwekea ya kusema kwa sauti, mimi nasema, AI inaandika. Ku kusoma majibu njo nilikuwa nasumbuka. Mimi nasoma na kidole.

Nimetoka kidogo kunywa maji, naendelea.

Shangazi yetu Masika, dada ya baba, anaishi Mususa, hapa hapa Butembo, nyumba iko nyuma ya atelier ya soudure, pale banachomelea vyuma. Ni muzee kabisa, mais kichwa yake iko sawa. Akanituma neno: kama nataka kufa bila kusemeshana na mutoto wa mama yangu, nimwambie mapema, asijisumbue kuja kunilia.

Nikaenda.

Sasa musikilize hii. Mu famille yetu, neno ile mukubwa alisema mbele ya batu kwa hasira, hairudishwe chumbani. Inarudishwa mbele ya batu bale bale waliosikia, kwa kinywa ile ile iliyosema. Kama kuna mumoja alisikia na hayuko, munamungoja. Bazee wetu walisema yule mumoja anabaki ameibeba, na siku moja ataitumia.

Shangazi akawahesabu ku vidole. Bake, bashofere, jirani wa juu, jirani wa chini. Jirani mumoja alikuwa ameenda Lubero kuvuna viazi, tukamungoja siku nane. Hata Kavira alikuja kutoka Bunia siku moja, akarudi.

Kabla tuanze, Kasereka akatoa simu yake. Safari hii nilingoja. Akanionyesha ujumbe.

NGOJA.

Ni yangu. Niliituma mimi, asubuhi ya siku mama alikufa. Mchana mama akafa, na miye mu ile fujo PITA sikuituma. Simu yangu ilikuwa kwa bibi yangu, ni kusema muke wangu, imezimika. Kasereka alipiga, alipiga, hakuna. Magari ya batu bengine yalipita. Yeye alibaki Kasindi siku mbili na kilio yake mu camion, juu Yaya alisema ngoja. Siku ya tatu njo alishindwa, akapita bila ruhusa.

Nilikaa na ile simu mukononi.  

Shangazi akaniuliza, kama desturi inataka: "Nani mwingine alisikia ile neno, ambaye hayuko hapa?"

Nikaangalia watu. Nikajibu: "Hakuna. Ni hawa tu."

Wakuu, ile jibu njo inaniamusha kila siku.

Nikasimama, nikasema kwa sauti: neno nilisema juu ya Kasereka nimeirudisha mu kinywa yangu, jina yake itajwe. Tukakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mu kibuyu kimoja, tukakula mbuzi. Kasereka akanitania kwamba nimezeeka, hata hasira yangu sasa inahitaji kukaa ku kiti. Tukacheka. Kahindo, bibi yake, alicheka mpaka akafuta macho.

Akarudi ku camion ya bluu.

Nikafungua laptop, nikaambia AI: nimepatana na Kasereka, murudishe ku liste, namba yake ni hii.

Ikamurudisha. Halafu ikaandika maneno mingine, nikasoma na kidole mpaka nikaelewa. Ilisema hivi: "Nimemurudisha. Lakini mustari wa saba wa fichier ya maagizo bado unasema aondolewe, na umenikataza kuigusa. Tafadhali uufute mwenyewe. Nikifunguliwa tena nitausoma ule, sitakumbuka haya tunayosema sasa."

Muone, haikunificha kitu.

Mimi nikajibu nini? Nikajibu: "Nimesema mbele ya famille yote. Nimesema na kwako. Inatosha."

Nikafunga.

Niwaambie ukweli wa ndani, juu nimeahidi. Kiburi ilikuwako, mais haikuwa yote. Kulikuwa haya. Kufuta ilikuwa lazima nifungue, nitie kidole ku ile neno, niisome silabi kwa silabi, mutu wa makamo yangu, nisome vile nilisema juu ya mutoto wa mama yangu. Sikuweza. Nikajiambia nitangoja Kavira. Kavira sikumwambia.

Wiki zikapita, kila kitu sawa, juu ya kutuma ni programu njo inatuma, AI sikuifungua. Njia ikifungwa, Kasereka anapata NGOJA yake sawa bengine. Nikasahau kabisa.

Kisha bashofere babili wakalalamika. Ujumbe inafika mara mbili mbili, banadhani ni mbili tofauti, banapigiana simu kuulizana. Nikafungua laptop, nikasema: safisha liste, namba moja ijitokeze mara moja.

AI ikaamka mugeni, sawa kawaida yake. Ikasoma fichier. Ikafanya kazi.

Ikaandika jibu. Mustari wa kwanza: imeisha. Wa pili: namba zilizojirudia zimeondolewa. Chini kulikuwa mingine. Nikaona ile "imeisha", nikafunga laptop, nikaenda kuangalia pneu, tairi za camion.

Munajua sasa chini palikuwa nini.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua ndiyo linatoka. Akanipigia mama mumoja anayeuza mandazi ku barrière, pale askari banasimamisha magari, upande wa Beni: motos, zile pikipiki, zimerudi zote, hazipiti. Kisha motard mumoja, mwenye pikipiki, hawajuani na yule mama, akasema amesikia risasi. Batu babili. Nikasema neno. Laptop ikasema imetumwa.

Nikakunywa chai yangu na roho nyeupe. Nilikuwa najisifu peke yangu, nasema sasa hivi camion zangu zote zimelala Kasindi, salama, juu ya neno moja ya kinywa yangu.

Bale batatu bengine walikuwa bado mu parking ya douane, ku forodha, karatasi hazijakwisha. Kasereka alimaliza yake jana yake, akalaza camion mbele, pale njia inaanza. Aliamka, akaangalia simu. Kimya.

Kimya ni ruhusa. Akawasha moto.

Mbusa, shofere wangu wa camion ya kijani, njo alinipigia.

"Patron, Kasereka uko naye ku simu?"

"Si muko pamoja huko?"

"Alienda."

"Nilituma NGOJA."

 Nilisikia anauliza wenzake nyuma.

"Sisi tuliipata, Patron."

Sitawaelezea sana ile ilifanyika njiani, juu siyo yangu, ni yake. Walipiga camion kutoka mu miti. Alishuka upande mwingine na muguu umevunjika na risasi, akajikokota mu shamba ya kakao, akalala chini ya majani mpaka bakulima walimukuta. Alikuwa peke yake mu camion, ku hiyo tu naambia Mungu asante. Ile WASINGYA iliungua yote. Banasema ilibaki tu chuma ya mbele, na herufi mbili tatu.

Ku hospitali ya Beni walikata muguu, juu ya goti.

Nilipofika, Kahindo alikuwa anapika uji inje, pale bagonjwa banapikiwa. Aliniona. Hakusimama, hakunisalimia. Muke ambaye kila mara alinishika mikono miwili.

Kasereka alikuwa macho. Aliniuliza kitu kimoja.

"Yaya, ujumbe ilifika kwa bote. Kwangu juu ya nini haikufika?"

Nikasema sijui. Ilikuwa ukweli ile saa, sikujua.

Akageuza uso ku ukuta. Na mimi nikaelewa anafikiri nini. Anafikiri kule kwa shangazi nilirudisha neno na kinywa, na mu roho nikaiacha. Kwamba nilikunywa naye kibuyu kimoja huku nikingoja siku yake.

Mutu unaweza kumupatia camion ingine. Hii ya kufikiri hivyo, unamutolea namna gani?

Kavira akakuja kutoka Bunia. Akafungua laptop, hata chai haikupoa. Akanionyesha: hapa siku ile ilikuambia ufute. Hapa siku ya kusafisha, chini, ilikuambia: kulingana na mustari wa saba nimeondoa Kasereka.

"Papa, ni mustari wa saba."

Hakuniambia kwamba alinikataza. Ningependa angesema. Ingekuwa nyepesi.

Akataka kwenda Beni yeye, amuelezee baba yake mudogo na lugha ya informatique, kwamba ni kosa ya session, ya nini na nini. Nikamwambia hapana. Niliandikisha mimi, nitaenda mimi.

Nikaenda Beni na laptop mu mufuko ya plastiki, isiingie vumbi.

Kasereka alikuwa amekaa ku kitanda. Kahindo amesimama pembeni, mikono imefungwa. Nikafungua ile kitu ku magoti yangu, nikasema, mudogo wangu, nimekuja kukuonyesha juu ya nini. Kuna fichier, AI inasomaka kila ikiamka. Nilitia humu neno siku ya matanga. Nilisahau kuitoa.

Nikamusogezea aone.

Hakuangalia. Akasema: "Soma wewe."

Anajua mimi nasoma vipi. Njo yeye alikuwa ananisomea barua tukiwa bijana, juu yeye mama alimulipisha masomo mpaka sixième, darasa la sita.

Nikaweka kidole. Ka-se-re-ka. Ha-yu-ko. Te-na. Ile chumba ilikuwa na bagonjwa sita, wote walisikiliza. Nikasoma mpaka mwisho, mpaka ile ya "hapana uliza". Sijui nilitumia dakika ngapi. Kusukuma kinga na maharagi mlima mzima wa Lubero ilikuwa rahisi kuliko ile mustari moja.

"Futa," alisema. "Hapa, nione."

Kavira alikuwa amenifundisha ile bouton. Nikaibonyeza, ikala herufi moja moja kutoka nyuma. Tulikuwa tunaangalia wote watatu. Jina yake njo ilibaki mwisho, kisha nayo ikaenda.

Kasereka akaangalia pale palibaki peupe.

"Donc ile mashini ilikutii tu, Yaya," akasema. "Sisi bote tulikutiiaka."

Hakusema kwa hasira. Alisema sawa mutu anataja bei ya chumvi. Halafu akaomba Kahindo amulalishe, akafunga macho, na mimi nikaelewa nimeambiwa niende.

Hiyo ilikuwa kabla ya hii mvua ya mwisho. Sasa ametoka hospitali, anaishi Beni kwa ndugu za bibi yake, anatembea na béquilles, magongo mawili. Nikipiga simu, Kahindo anasema amelala. Saa ine za asubuhi, amelala. Saa kumi, amelala.

Nilienda kwa shangazi Masika kuomba atuite tena. Alikataa. Alisema yeye aliniuliza nani mwingine alisikia, na mimi nikajibu hakuna. Hawezi kumwita mutu mara mbili ku neno moja.

Anasema kweli. Kulikuwa mumoja alisikia ile neno na hatukumwita. Alikuwa mu laptop yangu. Aliibeba, na siku moja akaitumia, sawa bazee walisema. Na hata kosa hana, juu alinikumbusha mara mbili.

Sasa nafanya hivi, mwenye kutaka achukue. Kila mwezi, jumatatu ya kwanza, naita bashofere wote ku nyumba, nafungua ile fichier, naisoma kwa sauti mbele yao. Nasoma mimi, na kidole. Mbusa akianza kunisaidia neno, namwambia nyamaza. Mutu akisikia jina yake mule, anauliza juu ya nini iko mule. Mustari usio na mwenyewe wa kuutetea, tunaufuta hapo hapo. Na ile ya kimya ni ruhusa niliiondoa. Sasa bila PITA hakuna anayewasha moto.

Kuna kiti moja naiacha wazi ku ile mukutano. Hakuna aliyeniambia niiache.

Fundisho yangu iko fupi, wakuu. Ninyi munaojua kuandikia AI maagizo kuliko mimi, munaandika kurasa na kurasa: fungueni leo musome kila mustari, hata ile munafikiri munaijua. Neno ukisema na kinywa, batu watakusaidia kuisahau. Ukiiandika mule, hasira yako ya siku moja inaamka kila asubuhi mbele yako, inaenda kazini.

Mwenye kuwa na mudogo anayekataa simu, na aliweza kumurudisha, aniambie alifanya nini. Mwenye kutaka kunitukana, hata yeye aandike, nafasi iko.

Nasoma polepole, mais siku hizi nasoma mpaka chini.